Kamati ya kigango inataka dari kama la Wieskirche. Mafundi, kile kitu kinatengenezwaje?

Fundi_Kihesa

Wakuu habari za jioni. Walioko Iringa kamwene, wa Mbeya ugonile.

Mimi ni fundi jipsamu. Kazi zangu nyingi ni Kihesa, Mwangata na Ipogolo: sebule za watu, saluni, mara mojamoja ukumbi wa harusi. Jumapili iliyopita niliitwa na kamati ya ujenzi ya kigango kimoja njia ya kwenda Tosamaganga. Jengo lina mita 9 kwa 18, bati limeshapigwa, ripu ya ndani imekwisha, madirisha ya alumini yenye vioo vya kijani. Dari bado.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mwalimu mstaafu, akatoa simu mfukoni, akafuta kioo kwa pindo la koti, akanionyesha picha. Kanisa linaitwa Wieskirche, liko Ujerumani. Wakuu, sijawahi kuona kitu kama kile. Dari ni anga tupu, mawingu na watu juu ya mawingu. Malaika wadogo wamekaa ukingoni kama watoto juu ya ukuta wa shule. Nguzo zimesimama mbilimbili, nyeupe upande wa waumini, na kule altare ni nyekundu na bluu zenye mishipa ya marumaru. Dhahabu hujui ianzie wapi iishie wapi. Mzee akasema, "Fundi, tunataka hivi. Tusipoweza kote, basi pale altare tu." Bajeti yao, vifaa na ufundi, milioni nne na nusu.

Nilitaka kucheka nikajizuia. Yule mzee hakuwa anatania, na pembeni yake alikaa mama mmoja wa kwaya ananitazama kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo.

Sasa nisaidieni. Zile nguzo ni marumaru kweli? Ile dhahabu ni dhahabu? Na dari zito namna ile limeshikwa na nini karibu miaka mia tatu? Nauliza hili la mwisho kwa uchungu, maana mwaka juzi konishi yangu (urembo wa ukingoni mwa dari) ya mita tatu ilidondoka usiku kwenye ukumbi mmoja. Bahati hakukuwa na mtu. Nilirudia bure, na mpaka leo nikilala mvua ikinyesha naisikia ikianguka.

Mchele_wa_Kyela

Milioni nne na nusu? Hiyo ni hela ya malaika mmoja, tena bila mabawa.

Mzee_Mwiko

Fundi wa Kihesa, marahaba hata kama hujaniamkia. Nina miaka 68, nipo Mafinga, mjukuu ndiye anachapa na mimi nasema, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake.

Nguzo zile si marumaru. Ni jipsamu, hiihii unayokoroga kwenye ndoo kila siku.

Nilifundishwa ripu na bruda mmoja Mjerumani nikiwa kijana, na mwaka 1994 nikapelekwa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, miezi minne kujifunza kukarabati plasta za zamani. Siku ya pili fundi aliyenipokea alinipeleka kwenye kanisa la kijiji, akaniambia weka kiganja kwenye nguzo. Nikaweka. Akanivuta hadi kwenye kizingiti cha mlango, jiwe kweli lile, akasema weka tena. Kizingiti kilikuwa baridi kama bomba la maji la Makambako alfajiri ya mwezi wa saba. Nguzo haikuwa baridi. Yule mtu hakujua Kiingereza wala mimi sikujua Kijerumani cha maana, lakini tulielewana.

Inafanywa hivi. Unakoroga jipsamu safi kwa maji yenye gundi ya kuchemsha, ile ya ngozi na mifupa waliyokuwa nayo maseremala wetu wa zamani. Gundi inaizuia jipsamu isikimbilie kukauka, kwa hiyo badala ya dakika chache unapata saa kadhaa za kuchezea. Unaigawa madonge, kila donge rangi yake ya unga, unakanda kama chapati. Unayabananisha madonge ovyoovyo, kati yake unapitisha uji wa rangi nyingine. Huo uji ndio utakuwa mshipa wa jiwe. Kisha unakata vipande kwa kisu kama mkate na kuvigandamiza kwenye nguzo iliyojengwa chini yake. Ikikauka inatia aibu, imejaa vitundu na rangi imefifia. Hapo ndipo kazi inapoanza. Unasugua kwa jiwe na maji, vitundu vinajitokeza, unaziba kwa uji wa jipsamu, unasugua kwa jiwe laini zaidi, unaziba tena, mara tano, mara sita. Mwisho mafuta ya kitani na nta. Tulikalia nguzo moja wiki nyingi. Ukihesabu siku za fundi, mara nyingine marumaru yenyewe ingekuwa nafuu. Kwa hiyo usiseme walifanya kwa ubahili. Jiwe halikupi bluu unayoitaka mahali unapoitaka.

Dhahabu ni dhahabu, ila imefuliwa mpaka ikawa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu mara elfu. Gramu moja, kipande ambacho mchimbaji wa Chunya anakifunga kwenye karatasi ya sigara, inatanda karibu nusu mita ya mraba. Huwezi kuishika kwa vidole, itakuyeyukia mkononi. Fundi anapitisha brashi ya manyoya kwenye shavu lake ipate mafuta kidogo, anaigusa karatasi ya dhahabu, nayo inamfuata. Chini yake kuna chaki na gundi, juu ya chaki kuna udongo mwekundu laini. Ule wekundu ndio unaoipa dhahabu joto. Halafu inasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Nilijaribu. Karatasi tatu za kwanza nilizipuliza kwa pumzi yangu mwenyewe, zikaenda kukaa kwenye sweta la bosi.

Sasa dari, ambalo ndilo linakunyima usingizi. Kuba la Wies si la mawe. Ni mbao, limening'inizwa kwenye kenchi za paa, na chini yake imepigwa plasta. Mafundi wa kule walizoea kutandika matete juu ya mbao, yanafungwa kwa waya na misumari, ripu ya chokaa inasukumwa ipenye katikati ya matete na kujikunja kwa nyuma kama ndoana. Ikishakauka haijabandikwa, imejishika. Wewe konishi yako uliibandika, naapa, tena juu ya ripu ambayo ilikuwa bado na maji. Ni kweli au nadanganya?

Nikuambie na habari za mtu aliyelijenga, maana zinakuhusu. Dominikus Zimmermann hakuanza kama msanifu. Alikuwa fundi plasta, wa Wessobrunn, eneo ambalo wanaume wake walijulikana Ulaya nzima kwa kazi hiyo, kama sisi huku tunavyowajua Wakinga kwa maduka. Kaka yake Johann Baptist alikuwa mchoraji, na ndiye aliyechora lile anga. Walijenga kati ya 1745 na 1754. Chanzo chenyewe ni sanamu ya Yesu akipigwa mijeledi, imeungwaungwa kwa vipande vya mbao na kitambaa, ilitumika kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu halafu ikawekwa stoo. Mama mmoja mkulima, Maria Lory, akaichukua nyumbani kwake. Tarehe 14 Juni 1738 akasema ameona machozi machoni mwa sanamu. Watu wakaanza kumiminika, kibanda cha sala kikazidiwa, abasia, yaani monasteri, ya Steingaden ikaamua kujenga. Gharama ilipita makadirio mara kadhaa na abasia ikabaki na madeni, kwa hiyo mwambie mwenyekiti wako kwamba hata waliofanikiwa bajeti haikuwatosha. Zimmermann alipomaliza hakuondoka. Alihamia jirani na kanisa, akafia hapohapo mwaka 1766. UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia 1983.

Nilikwenda siku moja ya Oktoba, mvua nyepesi. Kwa nje ni jengo jeupe katikati ya malisho ya ng'ombe, ungepita ukadhani ni bohari la mtu mwenye hela. Ukiingia unasimama. Sikutazama malaika kwanza, nilitafuta mwanga unatoka wapi. Ukumbi una umbo la yai, nguzo zimeachana na ukuta, kuna njia ya kupita nyuma yake, na madirisha yako huko nyuma. Mwanga unakuja kwa kuzunguka nguzo, unaupata bila kuona dirisha lenyewe vizuri. Juu, Kristo amekaa kwenye upinde wa mvua. Upande mmoja kuna kiti cha hukumu, kitupu bado. Upande wa pili kuna mlango mkubwa wa umilele, umefungwa. Yaani muda upo. Kuna bibi aliyekuwa amekaa mbele yangu na mfuko wa viazi miguuni, anatazama juu, mdomo wazi, na mimi vilevile.

Basi ushauri. Usimtundikie mzee wa watu maua ya jipsamu ya dukani kuta zote nne. Itakuwa ukumbi wa harusi. Anza na bati: usiku wa Iringa bati linatoa jasho, na jasho likidondokea jipsamu kila siku, hiyo kazi haimalizi masika mawili. Weka nailoni na upenyo wa hewa. Pili, waombe watoe vioo vya kijani pale mbele, waweke vyeupe. Kijani kinamfanya padri aonekane mgonjwa. Tatu, jenga ukuta mwembamba au nguzo mbili kila upande wa altare, na nyuma yake toboa dirisha refu ambalo waumini hawalioni. Mchongaji Bernini alifanya hivyo Roma, kwenye kikanisa cha Cornaro, miaka ya 1647 hadi 1652: alificha dirisha juu, mwanga ukawa unashuka kwenye miale ya dhahabu na hujui umetoka wapi. Hapo hela yote ya mapambo imalizie sehemu moja. Nguzo mbili tu ufanye kama nilivyoeleza. Mbili.

Mjukuu anasema amechoka.

Dada_wa_Njombe

Mzee Mwiko shikamoo, nimesoma mara mbili.

Fundi, kama kigango kiko njia ya Tosamaganga, mbona wanakwenda mbali mpaka Bavaria? Wamisionari wa Consolata waliofika Iringa mwaka 1919 wamebeba jina la kanisa la mtindo huohuo wa Baroko, ule wa mapambo mengi. Nilisoma Torino, Italia, miaka miwili, na patakatifu pa Consolata palikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka nilipopanga. Giuseppe Allamano aliyeanzisha shirika lao 1901 (ametangazwa mtakatifu Oktoba 2024) alikuwa msimamizi wa hapo. Wabibi wa parokia zetu wanaitamka Konsolata kila siku, wachache wanajua kwamba ni jengo unaloweza kuingia.

Msanifu Guarini alianza kulijenga upya 1678. Alikuwa padri na mtu wa hesabu, na inaonekana: unaingia kwenye chumba cha umbo la yai, kisha unapita kwenye kingine chenye pembe sita. Altare kuu ni ya msanifu mwingine, Juvarra. Ni giza kuliko hiyo picha ya Wies. Marumaru ni nyingi, dhahabu iliyozeeka, mishumaa, na kwenye korido ukuta mzima umejaa vijipicha watu walivyochora kushukuru: huyu alianguka kwenye ngazi akapona, huyu gari la farasi lilimpita juu. Mimi nilikuwa nakwenda kusoma vile vijipicha kuliko kusali, Mungu anisamehe.

Lakini kazi ya Guarini iliyonimaliza ni San Lorenzo, mji huohuo. Ukitazama ndani ya kuba unaona mbavu zinapishana, hii juu ya ile, mpaka zinatoa nyota ya pembe nane, na katikati ya mbavu kuna matundu ya mwanga. Nilimpigia mama simu nikamwambia kuna mtu ameshona kikapu cha milulu kwa matofali. Akauliza kinauzwa bei gani.

Kijana_wa_Tukuyu

Mnisamehe, mimi ni Mmoravian, nitasema kama ninavyoona. Wamisionari wetu walifika Rungwe 1891, na chimbuko lao ni Herrnhut, Ujerumani hukohuko. Ukumbi wa ibada wa Herrnhut ulijengwa 1756 na 1757, yaani Wies imemalizwa juzi tu. Una kuta nyeupe na benchi nyeupe. Altare hakuna, kuna meza. Malaika hakuna hata mmoja. Mwaka 2024 na wao UNESCO wamewaandika.

Sasa swali langu ni kwamba, wakati mkulima wa Bavaria anakaa kwenye kibanda chenye moshi, ile dhahabu ilikuwa ya nini? Na leo kigango hakina choo cha maana (sijui, nakisia), wanataka nguzo za bluu?

Mzee_Mwiko

Kijana wa Tukuyu, choo wameshajenga au hawajajenga aseme fundi.

Swali lako ni zuri na nimelibeba tangu asubuhi. Nakujibu nilivyoona mimi. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, kwisha 1563, Kanisa lilishikilia kwamba picha zinafundisha, na watu wengi hawakujua kusoma. Hiyo ni sababu ya wakubwa. Lakini yule mkulima wa kwenye moshi ndiye aliyetembea kwenda Wies. Nyumbani kwake hakuwa na dirisha la kueleweka; pale alikuwa na anga lake mwenyewe, na hakuna aliyemlipisha kiingilio. Sikatai kwamba hela ingeweza kwenda kwingine. Nasema tu kwamba yule bibi wa mfuko wa viazi hakuonekana kama mtu aliyeibiwa.

Halafu usidhani ni mambo ya Wakatoliki peke yao. Ndugu zetu wa KKKT wana Frauenkirche ya Dresden, ya Kilutheri, imejengwa 1726 hadi 1743, Baroko kabisa, kuba la mawe kama kengele. George Bähr aliyeisanifu alikuwa seremala. Iliporomoka Februari 1945 baada ya mji kupigwa mabomu, ikabaki kifusi miaka na miaka, wakairudishia mpaka 2005. Mawe ya zamani yaliyoungua waliyarudisha ukutani, yanaonekana meusi katikati ya mapya, kama meno.

Ukumbi wenu mweupe naupenda pia. Kupiga ukuta mweupe ukanyooka bila ua la kufichia kosa, hiyo ni kazi ngumu kuliko malaika. Muulize fundi yeyote.

Mchele_wa_Kyela

Nafuta utani wangu wa kwanza. Malaika nusu bei.

Fundi_Kihesa

Wakuu nimerudi, ni wiki tatu.

Mzee Mwiko shikamoo. Ni kweli, nilibandika juu ya ripu mbichi. Ilikuwa Machi, mwenye ukumbi alikuwa na harusi Jumamosi, nikajitia ujasiri. Choo kipo, matundu manne, kijana wa Tukuyu apumzike.

Niliwasomea kamati majibu yote kwenye simu, tumekaa kwenye matofali. Mama wa kwaya alisimama kulitetea lile dirisha lililofichwa, akasema hilo hata kama hela haitoshi atalisemea kwenye jumuiya. Vioo vya kijani bado kuna ubishi kwa sababu vimetolewa na muumini mmoja na jina lake limetajwa kanisani. Bati tumekubaliana, nailoni imeshanunuliwa.

Nguzo nimejaribu kwanza nyumbani, nikatumia kipande cha bomba la inchi nne nilichokizungushia waya wa kuku. Gundi ya kuchemsha nimeipata kwa seremala mzee Mlandege, alikuwa nayo kwenye kopo tangu sijui lini, inanuka uani kote, mke wangu amehamishia jiko kwa jirani. Rangi nimetumia ile nyekundu ya unga ya sakafu. Donge la kwanza liliganda kama jiwe kabla sijakata, gundi ilikuwa kidogo. La pili lilikuwa laini siku mbili nzima. La tatu limekubali. Nimesugua mara nne kwa jiwe la kunolea, mkono hauinuki, na mshipa mweupe umejitokeza pembeni, mmoja tu, umepinda kama njia ya mchwa.

Jana nikawapelekea, nimekifunga kwenye khanga. Mwenyekiti akakigeuzageuza, akauliza hili jiwe nimelitoa Mbeya? Nikamwambia weka kiganja. Akaweka, akakaa nacho muda, akampa mama wa kwaya. Yule mama akakiweka shavuni.

"Mbona si baridi?"

Sasa mzee, hapa nilipo nimesugua mara nne, vitundu vidogo bado vipo upande mmoja. Niendelee kuziba au nianze mafuta?

Mzee_Mwiko

Ziba. Mafuta usitie mpaka ikauke kabisa hadi ndani, na kwa baridi hii ya mwezi wa saba hesabu wiki mbili au zaidi. Na hiyo gundi usichemshe kwenye moto moja kwa moja, weka kopo ndani ya sufuria ya maji, itaacha kunuka hivyo. Mkeo mpelekee kitenge.